Nahamia nchi nyingine na familia, mtaa wa kuishi tunauchaguaje tukiwa bado huku?

mpangaji_mgeni:

Habari zenu wakuu. Kuna jambo linaninyima usingizi naomba mawazo yenu, hasa nyie mliokwisha kuhama nchi. Nimepata kazi nje, mkataba bado sijasaini kwahiyo nchi sitaitaja kwanza, ila ni kazi ya ofisini siku tano kwa wiki na naenda na mke wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka 9 mdogo ana 4. Mwajiri atatulipia pa kulala wiki tatu za mwanzo, baada ya hapo tunajitegemea.

Tumebaki na njia tatu. Ya kwanza ni kupanga katikati ya jiji karibu na ofisi, vyumba viwili vidogo na kodi inakula nusu ya mshahara. Ya pili ni mji mdogo wa pembeni, nyumba nzima ina uwanja na kodi iko chini sana, tangazo linasema dakika 50 kwa treni mpaka jijini. Ya tatu ni mtaa mmoja wamejaa watu wa kwetu, binamu yake mke wangu yuko hapo mwaka wa sita sasa. Mimi roho yangu iko kwenye ya pili, mke wangu anataka ya tatu, na kila tukikaa kuliongea tunaishia kununiana. Na mwenye nyumba wa ile ya pili anasema kuna watu wengine wanaitaka, nimtumie kodi ya miezi miwili wiki hii ili anishikie.

Nyie mlichaguaje? Na kuna kitu mlikuja kukijua baadaye mkasema laiti ningejua mapema?

kaka_mzima:

Usitume mkuu. Hata senti moja. Hiyo ya "wengine wanaitaka nitumie nikushikie" ndio lugha yao wote, picha nzuri, bei chini kuliko majirani, na mwenye nyumba kila siku yuko safarini funguo atakutumia kwa posta. Mimi nililizwa kwa mtindo huu huu, nilituma amana ya mwezi mmoja na nusu nikafika na mabegi yangu nikakuta kwenye ile anwani wanaishi watu wengine kabisa na hawajawahi kutangaza nyumba yao popote. Mwambie akupigie video laivu akiwa ndani, afungue bomba la jikoni, asogee dirishani uione barabara, afu linganisha na picha za barabara kwenye Google Maps. Na zile picha za tangazo zitafute intaneti, unaipakia picha yenyewe wanakuonyesha imetokea wapi kwingine, mara nyingi utaikuta kwenye nyumba ya jiji jingine. Akikataa video achana naye.

dada_wa_treni:

Hongera kaka na pole pia. Naandika kwa urefu kwa sababu hiyo ya pili yako ndio maisha niliyoishi mimi miaka miwili.

Tangazo letu nalo lilisema dakika 50. Na treni kweli ilikuwa dakika 50 hawakudanganya, lakini mimi sikuwa nalala stesheni. Kutoka mlangoni kwangu mpaka stesheni dakika 18 kwa miguu, kusubiri 7, treni 50, halafu nashuka napanda metro na kutembea mpaka ofisini 20 nyingine. Jumla saa moja na dakika 35, na kurudi hivyo hivyo, kwa wiki ya siku tano ni karibu saa 16 njiani, yaani siku mbili nzima za kazi ambazo hakuna anayekulipa.

Mwanangu alikuwa na miaka mitatu. Kituo cha kulelea kilikuwa kinafunga saa kumi na mbili jioni na mimi natoka ofisini saa kumi na moja, kwahiyo nilikuwa namlipa jirani amchukue. Huyo jirani alikuwa mtu mwema sana namshukuru mpaka leo. Ila kuna Jumamosi moja mtoto alianguka akaumia goti, mimi na yeye tumesimama pale pale, na mtoto akamkimbilia yeye. Jumatatu yake nikaanza kutafuta nyumba nyingine.

Baadaye nilisoma kwamba mtafiti mmoja wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika mwaka 1994 kuwa binadamu tangu enzi za kutembea kwa miguu anatumia wastani wa kama saa moja kwa siku kwenye safari zake zote, vyombo vikiwa na kasi zaidi anahamia mbali zaidi ila muda unabaki ule ule. Nikaelewa kwanini mwili wangu ulikuwa unagoma, nilikuwa naulazimisha mara tatu yake.

Kwahiyo fanya hivi, fungua ramani weka anwani ya nyumba na ya ofisi, na usiache muda wa sasa hivi, weka Jumatatu saa moja asubuhi. Kisha katikati ya safari chomeka shule ya watoto. Kisha angalia treni ya mwisho usiku ni saa ngapi na Jumapili zinapita ngapi. Kwetu asubuhi zilikuwa kila dakika 15, ila baada ya saa tatu usiku ni moja tu kwa saa, ikifutwa unakaa na baridi yako. Na ile kodi ya chini iongezee tiketi ya mwezi, na kama huko bila gari hamtoki basi ongeza gari na bima yake na mafuta, na hela ya kumlipa mtu wa kukaa na mtoto. Kwangu mimi unafuu wote uliishia hapo.

mzee_wa_mikataba:

Niongezee upande wa makaratasi, maana wengi wanachagua mtaa kabla hawajajua kama wameruhusiwa kuuchagua.

Kwanza soma viza yako mstari kwa mstari. Australia wana viza namba 491, inakubana uishi na ufanye kazi mikoani, na "mikoani" kwao ni karibu nchi nzima ukitoa Sydney, Melbourne na Brisbane. Mtu akienda kupanga Sydney kwa sababu ndio jina alilozoea kulisikia anakuwa ameshavunja masharti. Kanada nako mikoa inateua wahamiaji wake yenyewe, na bima ya afya ni ya mkoa. British Columbia unasubiri mwezi ule uliofika uishe na mingine miwili juu yake ndio ianze, kwahiyo mwenye watoto ananunua bima binafsi ya kuvushia hiyo miezi.

Pili ni mshahara. Ufaransa wenye nyumba wengi wanataka mshahara uwe mara tatu ya kodi. Uingereza madalali wengi wanachukua mshahara wa mwaka wanagawanya kwa 30, hiyo ndio kodi ya juu ya mwezi watakayokukubalia, New York wanagawanya kwa 40. Kwa hesabu yoyote kati ya hizo hiyo ya nusu ya mshahara hupiti, labda upate mdhamini. Na historia yako ya mikopo kwa kawaida haivuki mpaka, hata kama miaka kumi umelipa madeni yako yote kwa wakati, kule hawakujui. Muombe mwajiri barua yenye mshahara na muda wa mkataba, na muulize bila aibu kama kampuni inaweza kukudhamini au kusaini upangaji kwa jina lake. Wengine wanakubali ila hawasemi mpaka uulize.

Tatu ni anwani, na hapa ndio wageni wanaumia sana. Ujerumani unatakiwa kujiandikisha manispaa ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na wanataka karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Uholanzi ni ndani ya siku tano kama utakaa zaidi ya miezi minne. Bila kujiandikisha hupati namba yako ya mlipakodi, bila namba mshahara unaweza kukatwa kodi ya kiwango cha juu kabisa na benki inakuzungusha. Kwahiyo hata chumba cha muda muulize mwenyewe, naruhusiwa kujiandikisha kwa anwani hii? Akisema hapana kiache hata kiwe kizuri vipi.

Na amana ina sheria mkuu, usikubali tu unachotajiwa. England kama kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000 amana haitakiwi kuzidi kodi ya wiki tano, na mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mfuko unaotambulika ndani ya siku 30. Ujerumani mwisho ni kodi ya miezi mitatu bila bili na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Japani utakutana na kitu kinaitwa reikin, hela ya shukrani kwa mwenye nyumba, sio kila nyumba wanaidai ila wakiidai ujue hairudi.

binti_wa_mbali:

Mimi namtetea wifi. Kaka wewe utakuwa ofisini mchana kutwa una watu wa kuongea nao, yeye je?

Mwaka wangu wa kwanza tulikaa mji mzuri sana, msafi, bustani kila kona, na kuna wiki zilipita nzima hakuna mtu wa nje ya nyumba yetu aliyeniita jina langu. Kuna usiku mdogo alipandwa na homa mume wangu yuko zamu, nikambeba na mkubwa nikamwamsha tukaenda hospitali wote watatu kwa basi saa nane usiku kwa sababu sikuwa na mtu hata mmoja wa kumgongea mlango nikamwambia niangalizie mtoto. Mtu akiniambia kukaa karibu na watu wako ni uoga ninamwambia hajawahi kuwa kwenye lile basi la usiku.

Tulipohamia karibu na watu wetu ndani ya mwezi nilijua daktari gani anapokea wagonjwa wapya, fomu ipi inajazwa wapi, nani ana koti la baridi la mtoto limekuwa dogo kwake. Hivyo vitu havipo kwenye ramani.

njia_panda:

Dada hapo juu maneno yako yamenigusa na siyapingi, ila ngoja niseme na upande wangu ili jamaa aone yote. Mimi nilikaa mtaa wa watu wa kwetu miaka minne, nikatoka na lugha ya salamu tu. Kazi zote nilizopata zilikuwa za kupitia kwa mtu wa pale pale, na malipo ya pale pale, na kila aliyenishauri alikuwa ananishauri kile alichokifanya yeye. Sina kinyongo nao, walinipokea nikiwa sina kitu na ningelala nje bila wao. Ila mwaka wa tano nilipohama vituo vitatu tu vya basi nikawa nakutana na majirani wa sehemu nyingine ikabidi niongee, ndani ya mwaka nikafaulu mtihani wa lugha uliokuwa unanishinda.

Kwahiyo mpangaji_mgeni, kuna umbali wa katikati. Karibu kiasi cha mke wako kufika kwa binamu bila kupanga safari, mbali kiasi cha watoto kucheza na wengine. Na huyo binamu muulize hivi, "ungekuwa unaanza upya leo ungepanga wapi?" Ukimuuliza "panaishika hapo?" atakujibu ndio, nani atasema kwake hapaishiki. Hilo la kuanza upya ndio linatoa ukweli.

mpangaji_mgeni:

Dah asanteni sana. Nimemsomea mke wangu yote, ile ya binti_wa_mbali ameniomba nimrudishie simu aisome mwenyewe, akasoma mara mbili akanyamaza. Kumbe hofu yake ilikuwa hiyo hiyo na mimi nilikuwa nadhani anang'ang'ania tu ndugu zake. Hapo nilikosea.

Ule mji mdogo nimeuwekea Jumatatu saa moja asubuhi na shule katikati kama alivyosema dada, imekuja saa moja na dakika 40. Na yule mwenye nyumba nimemuomba video laivu anasema simu yake kamera mbovu.

Swali langu lililobaki ni shule. Huyu mkubwa wa miaka 9 lugha ya huko haijui kabisa. Inaathiri mtaa wa kuchagua au shule zote za serikali ni sawa?

mwalimu_msafiri:

Inaathiri sana, na kwa familia yenye mtoto wa umri huo mimi ningeanzia hapa kabla hata ya ofisi. Nafundisha watoto waliotoka nchi nyingine kwahiyo haya nayaona kila muhula.

Kwanza lugha yenyewe inaweza kubadilika ndani ya nchi moja. Ubelgiji ukipanga upande wa Flanders shule ni Kiholanzi, upande wa Wallonia ni Kifaransa, na hiyo ni mwendo mfupi tu wa treni. Uswisi inategemea jimbo, na kodi ya mapato nayo inatofautiana jimbo kwa jimbo mpaka kata kwa kata. Quebec kule Kanada watoto wa wahamiaji kwa kawaida wanatakiwa kusoma shule za Kifaransa, sheria yao hiyo ni ya tangu 1977. Mtu anasaini nyumba kwa sababu ya jiko zuri kumbe amesaini lugha atakayosomea mwanawe miaka kumi.

Pili ni umri. Chukua Ujerumani, majimbo mengi shule ya msingi inaishia darasa la nne, halafu watoto wanagawanywa kwenye shule za aina tofauti kufuatana na maksi na maoni ya walimu. Mtoto anayeingia na miaka 9 anakuta mgawanyo uko mlangoni na lugha bado. Berlin na Brandenburg msingi unaenda mpaka la sita, ni miaka miwili zaidi ya kupumua, na kwa mtoto mgeni miaka miwili ni mingi mno, nimeona watoto waliofika hawasemi neno na mwaka wa pili wanabishana na mimi darasani kuhusu hesabu. Huyo wako mdogo wa miaka 4 msimuwazie sana upande wa lugha, ataokota haraka, shida yake ni nafasi tu maana vituo vya umri wake mara nyingi vina foleni.

Tatu England na kwingine shule zikizidiwa maombi wanaangalia mambo kadhaa na mara nyingi mojawapo ni umbali wa nyumba, mita kwa mita. Kwahiyo usiulize tu shule ipi nzuri, piga simu uulize je mwaka huu darasa la mwanangu lina nafasi, na je mna mwalimu wa lugha kwa watoto wageni, na ni saa ngapi kwa wiki. Shule ya kawaida yenye mwalimu huyo inamfaa mwanao kuliko shule yenye jina kubwa ambayo haijawahi kupokea mtoto asiyejua lugha.

dada_wa_treni:

Nimesahau moja, baridi. Ukiangalia nyumba majira ya joto unaona bustani, mimi sikujua kuuliza kupasha nyumba moto kunatumia nini na kunalipiwa na nani. Ujerumani wanasema kodi baridi na kodi joto, yaani bila bili na pamoja na bili za jengo na joto, na umeme hata kwenye kodi joto mara nyingi haumo. Tangazo likiwa na namba moja tu uliza ni ipi. Papasa kuta za pembeni ya madirisha na nyuma ya makabati, zikiwa na unyevu au rangi mpya kwenye kona tu jua kuna ukungu umefunikwa, na mtoto mwenye kifua atakuonyesha ndani ya wiki mbili. Kama ni kaskazini sana uliza na mwanga, Tromsø kule Norwei jua halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari, dirisha linaloangalia kusini huko ni jambo la maana.

kaka_mzima:

Na kwa atakayesoma hii akiwa anaenda Dubai, huko mikataba mingi ni ya mwaka mzima na kodi inalipwa kwa cheki zenye tarehe za mbele, moja au mbili au nne, kadri cheki zinavyokuwa chache ndio bei inashuka. Kwahiyo kama mwajiri hakupi nyumba muombe akukopeshe ile ya mwanzo, wengi wanafanya. Na hakikisha mkataba umesajiliwa Ejari, ule mfumo wa serikali wa kusajili mikataba ya upangaji, bila hiyo kuunganishiwa umeme na maji ni shida.

Kuhusu kamera mbovu mkuu nadhani umeshajijibu.

mpangaji_mgeni:

Nimejijibu ndio. Nilimuandikia kwamba mwenzangu wa kazini yuko jijini atapita kuiona nyumba Jumamosi, hajanijibu mpaka sasa na tangazo limeondolewa. Nimewaza ile hela, ilikuwa ndio ya tiketi za watoto.

Jana usiku tulikaa na mke wangu tukampigia binamu tukamuuliza lile swali la njia_panda. Alikaa kimya kidogo akasema angepanga vituo vinne mbele ya hapo alipo, kuna shule mbili za msingi na mojawapo mtoto wa rafiki yake alipewa mwalimu wa lugha kila siku asubuhi. Hatukuwa tunajua hata jina la huo mtaa. Nimepima mpaka ofisini, mlango kwa mlango dakika 45 basi moja tu bila kubadilisha.

Kwahiyo tumeamua hivi. Hatusaini kitu chochote cha mwaka tukiwa huku. Tunatafuta fleti yenye fanicha ya miezi mitatu kwenye mtaa huo au jirani yake, inayoruhusu kujiandikisha, itabana na tutalipia zaidi kidogo kwa mwezi ila tutakuwa tumefika tunaangalia kwa macho yetu, tusije tukauziwa mbuzi kwenye gunia. Mwajiri nimemuandikia kuhusu barua na udhamini. Shule mke wangu ndio anazipigia yeye kesho asubuhi, ameshaandika maswali kwenye daftari na la kwanza ni la huyo mwalimu wa lugha. mwalimu_msafiri kama hutajali nitamwambia akuandikie inbox wakishamjibu, kuna majibu anaogopa hatayaelewa.

mwalimu_msafiri:

Aniandikie tu shemeji, saa yoyote. Na cheti cha chanjo cha mtoto na ripoti zake za shule za miaka miwili mzitafsirishe rasmi mkiwa bado huko, kwa mtafsiri anayetambulika, shule nyingi ndio kitu cha kwanza watakachomuomba.